Je, Wajua? Upupu, Utupa na Waya wa Ubongoni

Mtoto yeyote aliyewahi kuchunga mbuzi kwenye mabonde ya joto chini ya Nyanda za Juu Kusini anaujua upupu. Vinyweleo vya ganda lake vikikugusa, utajikuna mpaka utoe machozi. Je, wajua kwamba ndani ya ganda hilohilo, kwenye mbegu, kuna levodopa, dawa ambayo mpaka leo haijapata ya kuishinda katika kutuliza ugonjwa wa Parkinson, ule unaotetemesha mikono na kukakamaza viungo? Sisemi kitu kinachofanana nayo. Ni levodopa yenyewe, na katika mbegu kavu hufikia asilimia 4 hadi 7 ya uzito. Wanakemia wa India waliitoa kwenye mbegu za upupu mwaka 1937. Ilipita miaka 30 kabla ya daktari George Cotzias wa New York kuonyesha, mwaka 1967, kwamba ukianza na dozi ndogo na kuipandisha polepole, mgonjwa aliyekuwa hawezi hata kujigeuza kitandani huinuka akatembea.

Mwaka 2017 madaktari wa Italia na wenzao wa Bolivia walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya na wagonjwa 18. Walikaanga mbegu za upupu, wakazisaga, wakawapa wagonjwa unga huo siku moja na vidonge vya kiwandani siku nyingine. Unga haukuachwa nyuma na vidonge. Habari hiyo ilisambaa haraka kwa sababu vidonge ni ghali kwa maskini, na upupu humea bila kupandwa. Sehemu ya pili ya habari hiyo haikusambaa sana. Watafiti haohao walipowapa wagonjwa 14 unga huo kwa wiki 16, nusu yao waliacha kabla ya muda, wengine kwa kichefuchefu na matumbo, wengine kwa sababu mwendo wao ulizidi kuwa mzito. Kidonge cha hospitali huja na kabidopa, inayozuia levodopa isigeuke njiani kabla ya kufika ubongoni. Upupu hauna mlinzi huyo. Anayejipimia kijiko nyumbani anaweza kutapika, au presha ikashuka ghafla akaanguka akiinuka kitini. Kwa hiyo, ndugu msomaji, usikaange upupu kwa ajili ya babu. Mpeleke babu hospitali.

Je, wajua kinachopungua kwa mgonjwa huyu? Sehemu ya juu ya shina la ubongo kuna ukanda mweusi, mmoja kila upande, mweusi kweli kwa rangi inayojikusanya ndani ya seli zake kadiri mtu anavyokua. Seli hizo hutengeneza dopamini na kuituma kwenye viini vya ndani vya ubongo vinavyopanga mwendo. Katika ugonjwa wa Parkinson seli hizo hufa moja moja, kimya, kwa miaka. Siku mkono unapoanza kutetemeka, nusu yake au zaidi zimekwisha kufa. Mwaka 1957 Arvid Carlsson wa Sweden aliwapa sungura dawa inayomaliza dopamini, wakalala bila kujongea, masikio chini. Akawachoma sindano ya levodopa. Baada ya dakika chache wakainua vichwa na kurukaruka. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2000.

Utupa, kwa upande wake, ni mmea wa maua ya zambarau au meupe unaoachwa ukue kando ya mashamba ya Mbeya na Iringa, na kazi zake wazee wanazijua: majani yake yakipondwa huua samaki mtoni (jambo ambalo sheria ya uvuvi inalikataza), na unga wake huchanganywa na maharage ghalani kuzuia wadudu. Je, wajua kwamba sumu ya utupa ni ya ukoo wa rotenoni, na kwamba rotenoni ndiyo sumu ambayo wanasayansi huwapa panya wa maabara wanapotaka kuwaletea ugonjwa wa Parkinson? Kazi hiyo ilifanywa kwanza na maabara ya Timothy Greenamyre huko Atlanta, Marekani, matokeo yakachapishwa mwaka 2000. Panya waliopewa rotenoni kidogo kidogo walianza kuwa wazito na kukakamaa, na ubongo wao ulipochunguzwa, ukanda mweusi ulikuwa umeharibika. Mwaka 2011 utafiti uliofanywa miongoni mwa wakulima wa Iowa na North Carolina ulionyesha kwamba waliotumia rotenoni walikuwa na uwezekano wa kuugua Parkinson mara mbili na nusu kuliko wasioitumia. Kiwango hichohicho kilijitokeza kwa waliotumia parakwati, dawa ya kuulia magugu, ambayo Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku mwaka 2007.

Sisemi kwamba kila aliyewahi kuhifadhi maharage kwa utupa atatetemeka. Ninachokisema ni kwamba neno "asili" kwenye dawa ya shambani halitoi kinga. Upupu na utupa ni mimea ya jamii moja, jamii ya kunde, na mmoja umebeba dawa ya ugonjwa ambao mwingine umebeba sumu yake. Mkulima wa viazi wa Umalila au Kilolo anayebeba bomba la kupulizia mgongoni msimu mzima anastahili kuambiwa hivyo waziwazi, na anastahili glavu, kinyago na maji ya kunawa, iwe sumu yake imetoka dukani au kwenye ua wa nyumba.

Ushahidi kwamba sumu inaweza kuleta ugonjwa huu ulikuja kwa njia ya kusikitisha. Mwaka 1982, California, vijana kadhaa waliletwa hospitalini wakiwa wameganda: macho yanaona, masikio yanasikia, mwili haujongei. Walikuwa wamejidunga heroini bandia iliyopikwa vibaya, yenye kemikali inayoitwa MPTP. Daktari William Langston alitambua kwamba walichokuwa nacho ni Parkinson ya wazee, iliyowafika vijana kwa siku chache tu. Kemikali hiyo ikiingia ubongoni hugeuka kuwa kitu ambacho molekuli yake inakaribiana sana na parakwati. Msiba huo ndio uliowapa wanasayansi, kwa mara ya kwanza, njia ya kuuchunguza ugonjwa huu kwa nyani, na nyani hao walisaidia kuandaa njia ya upasuaji nitakaoueleza hapo mbele.

Lakini si kila mtetemeko ni Parkinson. Huko Chunya, kwenye dhahabu ya Lupa iliyoanza kuchimbwa miaka ya 1920, wachimbaji wadogo hukamata dhahabu kwa zebaki kisha huichoma, na mvuke wa zebaki ukivutwa kwa muda mrefu hutetemesha mikono na kuvuruga usingizi na hasira za mtu. Nyanda za Juu Kusini zilijulikana pia kwa rovu, kwa sababu udongo wake una upungufu wa madini joto, na tezi ya shingo inapofanya kazi kupita kiasi hutetemesha vidole na kukimbiza moyo. Kuna dawa za hospitali, kama haloperidoli na kloropromazini za magonjwa ya akili, au metoklopramidi ya kuzuia kutapika, ambazo huleta ukakamavu na mtetemeko unaofanana kabisa na Parkinson, na aghalabu huondoka dawa ikibadilishwa. Kuna pia mtetemeko wa ukoo, ambao baba alikuwa nao na mtoto anao. Huo huonekana mtu anapoinua kikombe. Mtetemeko wa Parkinson hupenda mkono uliotulia: mzee amekaa, mkono uko pajani, kidole gumba kinapigapiga kidole cha shahada, na akiinua kikombe mtetemeko hupungua au hukoma. Huanzia upande mmoja. Tofauti hizi daktari anaweza kuziona kwa macho yake bila mashine yoyote.

Dalili nyingine hutangulia kwa miaka na hakuna anayezitilia maanani. Pua huacha kunusa. Choo huwa kigumu. Mtu hupiga mateke na kupiga kelele usingizini akizitenda ndoto zake. Mwandiko hupungua ukubwa mstari kwa mstari mpaka sahihi ya benki ikataliwe.

Je, wajua kwamba utafiti mkubwa wa kwanza wa kuwatafuta wagonjwa wa Parkinson nyumba kwa nyumba katika Tanzania ulifanyika wilayani Hai, Kilimanjaro? Uliongozwa na Catherine Dotchin, Oneko Msuya na Richard Walker, na ulichapishwa mwaka 2008. Katika watu 161,071 walikutwa wagonjwa 33, wanaume 23 na wanawake 10. Zaidi ya robo tatu yao hawakuwahi kuambiwa na yeyote wanaumwa nini. Walikuwa wameishi na ugonjwa huo wakiamini ni uzee tu. Utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2011, ulioongozwa na Gerry Mshana, uliwahoji wagonjwa, ndugu zao, waganga wa jadi na wahudumu wa afya wilayani humo, na ukaeleza njia walizopita: wengine waliona ni umri, wengine walisema ni kulogwa, wengi walizunguka kwa waganga na kwenye maombi, na wachache waliofika hospitali mara nyingi walirudi bila jibu.

Kwa Mbeya na Iringa, hesabu ya haraka inatosha kufikirisha. Sensa ya mwaka 2022 ilikuta watu 2,343,754 mkoani Mbeya na 1,192,728 mkoani Iringa. Tukichukua kiwango cha Hai kama kilivyo, cha takribani watu 20 kwa kila 100,000, mikoa hiyo miwili ingekuwa na wagonjwa wapatao 700. Ni makadirio yangu ya kalamu na karatasi, kwani Hai ina wazee wengi kuliko wilaya nyingine nyingi, na kiwango hubadilika kwa umri. Hata tukiyagawa kwa mbili, ni mamia ya watu. Na ikiwa mambo ni kama Hai, wengi wao leo wamekaa barazani Tukuyu, Mbarali, Mafinga au Ilula, wakilishwa na wajukuu, bila jina la ugonjwa wao.

Ugonjwa huu haukuwaacha hata mashuhuri. Bondia Muhammad Ali alikuja Dar es Salaam Februari 1980, akitumwa na Rais Jimmy Carter kuomba Afrika isusie Michezo ya Olimpiki ya Moscow. Mwalimu Nyerere hakumpokea. Bingwa alikuwa na umri wa miaka 38, na ugonjwa wake ulitangazwa miaka minne baadaye, mwaka 1984. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Arizona State walipima baadaye kanda za mahojiano yake ya televisheni na kukuta kwamba kasi yake ya kusema ilikuwa imepungua kwa takribani robo kati ya umri wa miaka 26 na 39. Kwa hiyo ulimi ulikuwa umeanza kuwa mzito alipokuwa bado anapigana ulingoni. Papa Yohane Paulo wa Pili naye alizuru Tanzania Septemba 1990, akafika mpaka Songea. Daktari wake aliandika baadaye kwamba dalili za kwanza za mfumo wa neva zilionekana mwishoni mwa mwaka 1991. Watu hawa wawili, mmoja aliyeishi kwa ngumi na mmoja kwa sala, waliufanya ugonjwa huu uonekane hadharani kuliko kampeni yoyote ya afya.

Jina lenyewe lilitoka kwa daktari wa London, James Parkinson, aliyeandika kijitabu chake mwaka 1817 kuhusu wagonjwa sita. Watatu kati yao aliwaona barabarani. Tarehe aliyozaliwa, 11 Aprili, ndiyo siku ya kimataifa ya ugonjwa huu.

Sasa tuje kwenye waya. Mwaka 1952, New York, daktari Irving Cooper alikuwa akimpasua ubongo mgonjwa wa Parkinson alipochana mshipa mdogo wa damu kwa bahati mbaya. Ilimbidi aufunge na kusitisha upasuaji. Mgonjwa alipozinduka, mtetemeko ulikuwa umetoweka, na nguvu za mkono hazikupotea. Sehemu ndogo ya ndani ya ubongo ilikuwa imekufa kwa kukosa damu, na mwili ukawa huru. Je, inawezekanaje kuharibu ubongo kukarudisha mwendo?

Dereva yeyote wa lori anayepandisha Mlima Kitonga, pale barabara inapojiviringa kuelekea Ilula na Iringa, angelielewa jibu. Chukua lori zima, injini nzuri, matairi mapya, dizeli tele, lakini breki ya mkono imekwama juu. Dereva anakanyaga mafuta, injini inanguruma, lori linatetemeka palepale. Misuli ya mgonjwa wa Parkinson ni mizima. Nia yake ya kusimama ni nzima. Kilichokwama ni breki. Chini ya thalamasi, sehemu moja ya ndani ya ubongo, kuna kiini kidogo, kimoja kila upande, kisichofikia sentimita moja na nusu kwa urefu, ambacho kazi yake ni kusaidia kuzuia miendo isiyotakiwa. Dopamini inapopungua, kiini hicho hufyatua ishara kupita kiasi na kwa mapigo yasiyo na mpangilio, na kila mwendo unaotaka kuanza unakutana na kizuizi. Mwaka 1990 wanasayansi Hagai Bergman, Thomas Wichmann na Mahlon DeLong waliwachukua nyani waliogandishwa kwa MPTP, ile sumu ya California, wakakiharibu kiini hicho upande mmoja. Nyani wakaanza kutembea na kujilisha.

Kuharibu, hata hivyo, hakurudishwi nyuma. Mfaransa Alim-Louis Benabid, daktari wa upasuaji mjini Grenoble, alikuwa akitumia umeme kupapasa njia kabla ya kuunguza sehemu ya thalamasi kwa wagonjwa wa mtetemeko. Aliona kitu ambacho wengi walikuwa wamekipita: umeme wa mapigo machache uliuzidisha mtetemeko, lakini alipofika mapigo 100 kwa sekunde, mkono ulitulia kabisa. Akiuzima, unatetemeka tena. Mwaka 1987 akaamua kuuacha waya ndani. Mwaka 1993 yeye na wenzake wakauelekeza kwenye kiini kilichooneshwa na nyani wa DeLong, na safari hii si mtetemeko tu uliopungua, bali na ukakamavu na uzito wa kuanza mwendo. Benabid na DeLong walipewa Tuzo ya Lasker mwaka 2014. Hata leo wataalamu wanabishana kama umeme huo unakinyamazisha kiini au unafunika mapigo yake mabaya kwa mapigo ya mpangilio. Mimi naelekea kwenye hoja ya pili, kwa sababu waya huo hufanya kazi kwa mwendo wa kasi tu. Kama ungekuwa unakizima kiini, mapigo ya polepole yangetarajiwa angalau kupunguza tatizo badala ya kulizidisha.

Upasuaji wenyewe ni wa ajabu kuusikia. Fuvu hufungwa fremu ya chuma ili lisisogee hata milimita. Picha za ubongo hupigwa, njia ya waya hupimwa kwa hesabu. Tundu hutobolewa juu ya paji, kila upande, na mara nyingi mgonjwa yuko macho. Ubongo hauhisi maumivu, ganzi ya ngozi inatosha. Daktari anaingiza waya usiofika hata milimita moja na nusu kwa unene, wenye vituo vinne vya umeme kwenye ncha, huku akimwambia mgonjwa fungua kiganja, funga, hesabu kurudi nyuma. Wakati mwingine mgonjwa anaona mwenyewe mkono wake ukitulia akiwa bado mezani. Waya mwingine hupitishwa chini ya ngozi, nyuma ya sikio, shingoni, mpaka kifuani chini ya mtulinga, ambapo kifaa chenye betri kimefichwa. Umeme wa gridi unaofika nyumbani huzunguka mara 50 kwa sekunde. Huu wa kifuani kwa kawaida hupiga mara 130 kwa sekunde, kila pigo likidumu sehemu 60 za milioni ya sekunde. Marekani iliuruhusu kwa mtetemeko mwaka 1997 na kwa ugonjwa wa Parkinson kwa upana wake mwaka 2002. Zaidi ya watu 160,000 duniani wamewekewa waya kama huo kwa magonjwa mbalimbali. Mwaka 2025 Marekani ilikubali toleo linalosikiliza mawimbi ya ubongo wa mgonjwa na kuongeza au kupunguza umeme lenyewe, papo kwa papo.

Je, wajua kwamba anayefaa kuwekewa waya ni yule ambaye levodopa bado inamsaidia? Watu hudhani upasuaji ni kwa ambao dawa imewashinda. Sivyo. Kabla ya upasuaji mgonjwa hukaa bila dawa usiku mzima, hupimwa, hupewa levodopa, kisha hupimwa tena. Madaktari wengi hutaka mwendo uwe bora kwa asilimia 30 au zaidi. Mtetemeko tu ndio unaoweza kutulizwa na waya hata pale dawa inapogoma. Mengine, ambayo kidonge hakiyagusi, na waya hauyagusi. Kinachobadilika ni saa. Mgonjwa aliyeugua kwa miaka kumi hupanda na kushuka siku nzima. Dawa ikiingia anatembea, pengine na kujinyonganyonga kusikozuilika, na ikitoka anaganda. Waya huzijaza zile saa za kuganda na kumruhusu apunguze vidonge. Hauzuii seli kufa. Hauponyi kumbukumbu, na kwa wengine sauti huwa nzito zaidi. Damu huvuja ubongoni kwa wachache, na vijidudu huweza kuingia kwenye kifaa.

Tuzungumze pia umbali, kwa kuwa waya si kazi ya siku moja. Kifaa huwashwa wiki kadhaa baadaye, na ndipo mgonjwa anaanza kwenda na kurudi ili mtaalamu arekebishe nguvu ya umeme na kuchagua kituo cha waya kinachomfaa. Betri ya kawaida huisha baada ya miaka mitatu hadi mitano na lazima ngozi ipasuliwe tena kuibadilisha. Zipo za kuchaji ambazo hudumu miaka 15 au zaidi, kwa bei ya juu. Marekani kazi yote hugharimu makumi ya maelfu ya dola. Kutoka Mbeya mpaka Muhimbili, ilipo taasisi ya mifupa na ubongo, MOI, ni zaidi ya kilomita 800 za lami, saa nyingi ndani ya basi kwa mtu ambaye shingo na kiuno vimekakamaa. Kwa hiyo ninapoulizwa Nyanda za Juu Kusini zinahitaji nini kwanza, jibu langu si waya. Ni kidonge cha levodopa na kabidopa, kilichomo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa muhimu, kisikauke kwenye duka la dawa la hospitali ya mkoa. Na ni tabibu wa kituo cha afya anayeweza kumwangalia mzee akitembea hatua kumi na kusema: huu si uzee.

Kuna hofu inayowafanya wengi wacheleweshe kidonge. Husemwa kwamba dawa hii ina miaka yake, ukiianza mapema itaisha nguvu mapema. Jibu lilitoka Afrika. Mwaka 2014 watafiti wa Ghana na Italia walilinganisha wagonjwa wa Ghana, ambao kwa ukosefu wa dawa walikuwa wameianza wakiwa wamechelewa sana, na wa Italia walioianza mapema. Kujinyonganyonga na kugandaganda kulitokea baada ya miaka ileile ya ugonjwa kwa pande zote mbili, dawa ilianzwa lini haijalishi. Aliyechelewa hakujiwekea akiba yoyote. Alipoteza tu miaka ya kutembea.

Jambo moja la jikoni kwa anayetumia kidonge: levodopa huingia mwilini kupitia mlango uleule unaopitisha protini, na zikikutana, protini hupita kwanza. Sahani ya maharage ya Uyole na ugali ikiliwa pamoja na kidonge inaweza kuifanya dawa ionekane feki. Nusu saa kabla ya chakula, na maji, ndiyo desturi inayosaidia wengi.

Kahawa nayo ina habari. Utafiti wa Honolulu uliochapishwa mwaka 2000 uliwafuatilia maelfu ya wanaume kwa miaka 30, ukakuta wanywaji wa kahawa wanaugua Parkinson kwa uchache kuliko wasiokunywa. Wavutaji wa tumbaku pia, jambo ambalo limerudiwa katika tafiti nyingi, lakini tumbaku ya Chunya itakuua kwa mapafu na moyo muda mrefu kabla ya kukusaidia ubongo. Kahawa ya Rungwe haina hatari hiyo.

Kuna mgonjwa wa Uholanzi ambaye habari zake zilichapishwa mwaka 2010. Alikuwa na umri wa miaka 58, na ugonjwa ulikuwa umemgandisha miguu kiasi kwamba hatua chache zilimwangusha. Akapandishwa baiskeli. Akaendesha vizuri, akageuka, akarudi, akashuka, na akaganda tena. Inadhaniwa kwamba pedali zinazozunguka humpa mguu mdundo kutoka nje, na mdundo wa nje hupita njia nyingine ya ubongo isiyohitaji breki ile iachie kwanza. Ndiyo maana mgonjwa anayeganda mlangoni huvuka akichorewa mistari sakafuni, au akihesabiwa moja, mbili, moja, mbili.

Na jambo hili limepimwa hapa nchini. Lynn Rochester na wenzake, pamoja na timu ileile ya Hai, waliwafuata nyumbani wagonjwa 21 ambao hawakuwahi kumeza levodopa hata siku moja. Kwa wiki tatu waliwafundisha kutembea wakifuata mdundo wakati wa kazi za kawaida za nyumbani. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Hatua zilirefuka na kasi iliongezeka, hata pale mgonjwa alipotakiwa kufanya jambo jingine huku anatembea. Haikuhitaji umeme, wala kidonge, wala nauli ya kwenda Dar es Salaam, na mkufunzi wake anaweza kuwa muuguzi wa zahanati au mjukuu anayejua kupiga makofi kwa mpangilio.